Nimepewa chai ya Tieguanyin, nasikia majani tu: nionje nini?

Swali: Mimi ni mfanyabiashara wa Tanga, naleta vyombo vya nyumbani kutoka China. Safari iliyopita mwenyeji wangu wa Guangzhou alinizawadia boksi la chai. Ndani mna vipakiti vidogo vilivyofyonzwa hewa, na kila kipakiti kina vidonge vya kijani kibichi. Kwenye boksi imeandikwa Tieguanyin. Aliponinywesha kwake aliniuliza, "Unasikia ua?" Nikaitikia kwa adabu tu. Nyumbani nikachemsha pakiti mbili kwenye sufuria. Majani yakafura mpaka yakasukuma mfuniko, na chai ikawa chungu, ina ukakasi. Nikatia maziwa, ikaharibika zaidi. Je, chai hii ni mbovu, au ulimi wangu ndio haujui? Kuna kitu gani hasa cha kusikia humo?

Jibu: Dada yangu, chai yako haina ubaya, na ulimi wako hauna kasoro. Uliitafuta mahali ambapo haipo. Chai tuliyolelewa nayo pwani, iwe ya maziwa au ya rangi, tunaipokea kwa ulimi: tunataka iwe na ukali, tangawizi iwashe kidogo, sukari ifuate. Hii uliyopewa kazi yake kubwa iko puani, na sehemu yake nzuri kuliko zote huja ukishameza. Ukiisubiri ulimini utaambulia maji ya majani. Mimi mwenyewe nimeonja chai nyeusi kwa kazi miaka mingi, ile ya kufyonza kwa kijiko na kutema, na ilinichukua siku kadhaa kuyaacha mazoea hayo nilipokaa mbele ya chai hii.

Kwanza tujue umepewa nini. Tieguanyin inatoka Anxi, wilaya ya milimani mkoani Fujian, chini ya mji wa Quanzhou. Quanzhou ndiyo bandari ambayo Waarabu waliiita Zaitun, na Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, anaitaja katika safari zake za baadaye. Watu wa huko kwa lugha yao ya nyumbani hawasemi "chai" wala "cha", husema "te". Neno hilo lilipanda meli likazaa majina mengi ya Kizungu ya kinywaji hiki, na letu likaja kwa njia ya Uajemi na Bara Hindi. Jina Tieguanyin maana yake ni Guanyin wa Chuma, na Guanyin ni yule mwenye huruma anayeheshimiwa na Wabudha. Ni jina la aina ya mchai na pia la chai inayotokana nao. Kuna simulizi mbili za asili yake, ya ukoo wa Wei na ya ukoo wa Wang, zote za karne ya 18 na zote za mji mdogo wa Xiping, kila upande ukishikilia yake.

Chai hii ni ya kundi la ulongi. Menya ndizi mbichi, au kata biringanya uiache mezani: baada ya muda inapiga weusi. Jani la chai nalo lina vimeng'enya vyake, na likijeruhiwa, hewa ikaingia, linaanza kugeuka. Kericho, Mufindi na Rungwe jani linasagwa likaachwa ligeuke lote, ndiyo chai nyeusi tunayoijua. Viwandani husema linachachuka, ingawa hakuna chachu yoyote hapo. Chai ya kijani ni kinyume chake: jani linapigwa moto mapema, kabla halijageuka. Ulongi iko katikati, na ya kwako imelala upande wa kijani. Watengenezaji hukadiria kwamba jani la namna hii limegeuka kati ya asilimia 10 na 30, na mgeuko wenyewe uko pembezoni mwa jani, ndani limebaki kijani.

Nieleze hapo kidogo, kwa sababu lile ua uliloulizwa linazaliwa katika hatua hii. Niliwahi kukesha kwenye karakana moja ya Anxi mwezi wa 10, msimu wa chai ya vuli. Majani yalikuwa yamechumwa mchana, yamenyaushwa kidogo kwa jua la alasiri. Usiku yakaingizwa ndani ya pipa refu la mianzi linalozungushwa, yakawa yanasuguana kingo kwa kingo, kisha yakatandazwa kwenye nyungo ndani ya chumba chenye kiyoyozi, yapumzike. Baada ya saa kadhaa yakarudishwa kwenye pipa tena. Mwenye karakana hakuwa akitazama saa. Alikuwa akitia mikono miwili chini ya majani, anayainua, anazamisha uso mzima humo na kuvuta pumzi. Saa nne usiku alininusisha na mimi: nyasi zilizofyekwa, basi. Saa saba, nyasi bado, lakini nyuma yake kuna kitu kitamu kama ngozi ya pea mbivu. Saa kumi alfajiri aliniita tena, na nyasi zilikuwa zimeondoka. Chumba kizima kilinukia maua, na hakukuwa na ua hata moja ndani ya nyumba ile.

Hakuna aliyetia harufu hiyo. Jani linalotikiswa limejeruhiwa lakini bado liko hai, na kwa kujibu jeraha linatengeneza lenyewe viini vya harufu: nerolidoli, indoli, na kingine kinachoitwa laktoni ya asumini. Indoli ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye asumini ya uani kwako. Harufu ikifika anapoitaka, fundi analipiga jani moto mkali, mgeuko unasimama hapohapo. Kisha linafungwa ndani ya kitambaa, linakandwa na kuviringishwa, linafunguliwa, linafungwa tena, mara nyingi sana, mpaka linakuwa kidonge. Ndiyo maana yalifura namna ile kwenye sufuria: kila kidonge ni jani zima, pengine na kikonyo chake, lililokunjwa likakunjika.

Sasa uandaaji. Sufuria iache kabisa. Ukichemsha jani hili kwa dakika kumi, harufu inapanda na mvuke na kuishia darini, na kinachobaki majini ni vile viini vya uchungu na ukakasi ambavyo kwenye chai nyeusi vimeshabadilika vingi vyake kiwandani. Chukua kikombe kidogo cha kauri kisicho na mkono, cha ujazo wa mililita 110 hivi, na kisahani cha kukifunika. Wachina wana chombo chao kwa kazi hii, gaiwani, kikombe chenye kifuniko. Wewe unauza vyombo, nadhani unacho dukani, na kama unacho, tumia cheupe. Weka gramu 5. Vipakiti vyao mara nyingi huwa na gramu 7 au 8, basi theluthi mbili ya kipakiti inatosha.

Maji yatokote kweli. Watu huogopa kuitia chai ya kijani maji ya moto sana, na kwa chai za kijani za Kichina au za Kijapani wana haki, lakini kidonge cha ulongi hakifunguki kwa maji ya uvuguvugu. La kuangalia zaidi ni aina ya maji. Maji mengi ya visima vya pwani yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa: tazama ndani ya birika lako, kama kuna ukoko mweupe, maji hayo yataibamiza harufu. Tumia ya chupa yenye madini machache, au ya mvua uliyoyakinga vizuri.

Mimina, funika, hesabu sekunde tano, mwaga. Hayo ni ya kuamsha vidonge tu. Sasa funua kifuniko, kigeuze, kilete puani kabla hujanywa chochote. Hapa ndipo mwenyeji wako alipokuuliza habari ya ua, na nina hakika ulipeleka pua kwenye kikombe. Harufu ya chai hii inakaa chini ya kifuniko. Kinuse mara tatu: kingali cha moto, kikiwa vuguvugu, na kikishapoa. Cha moto kinatoa siri za makosa, maana harufu mbaya hutangulia kutoka. Cha vuguvugu kinakuonyesha harufu ni ya namna gani. Kilichopoa kinakuambia kama chai ina kina: kifuniko cha chai nzuri hunukia hata baada ya dakika kumi, na cha chai hafifu hubaki kinanuka kauri tupu.

Unusie nini hasa? Wachina watakuambia okidi. Okidi yao yenye harufu sisi hatuna uani, na ukiitafuta hutaipata, kwa hiyo iache. Tumia pua uliyolelewa nayo, na kwa habari ya maua mtu wa Tanga hana haja ya kuazima. Unaijua tofauti ya asumini iliyochumwa magharibi, mbichi, yenye ukali wa kijani nyuma yake, na asumini iliyolala chini ya mto mpaka alfajiri, ikawa nzito na tamu, karibu ya kulevya. Tieguanyin ya kijani sana iko kwenye ile ya magharibi. Iliyogeuka zaidi kidogo inasogea kwenye ile iliyolala. Mara nyingine utasikia mlangilangi. Mara nyingine kilua, hasa kifuniko kikishapoa. Ukisikia rihani iliyofikichwa kiganjani, pia umesikia sawasawa: kuna kiini kimoja, linaloli, kilichomo kwenye rihani na kwenye chai. Andika jina lako mwenyewe kwenye karatasi, hata kama mwenyeji wako hajawahi kuliona ua hilo.

Kuna na harufu za kuogopa. Mchicha uliochemka ni chai iliyozeeka au iliyokaa na joto. Nyasi kali zisizo na utamu wowote nyuma yake ni chai ambayo fundi hakuitikisa vya kutosha, au aliipiga moto kabla ya wakati. Harufu ya gunia ni unyevu. Na harufu ya maziwa matamu au ya manukato inayokupiga ukiwa bado unafungua pakiti, kisha kwenye maji ya pili haipo, hiyo imepuliziwa. Kuna mchai wa Taiwan, Jin Xuan, wenye harufu ya maziwamaziwa kwa asili yake, lakini ni ya kunong'ona.

Tafadhali pia, siku ya kuonja usichome udi wala ubani, na usitoke kutafuna iliki.

Mimina tena maji, sekunde 20, chuja yote kwenye kikombe kingine. Usiache majani yaogelee humo unapokunywa. Rangi iwe ya dhahabu hafifu yenye kijani kwa mbali, na iwe angavu. Ngoja ipoe kidogo. Ikiunguza hutasikia kitu. Kisha fyonza kwa kelele. Najua kwetu kufyonza chai mbele za watu ni kukosa adabu, ila hapa hewa lazima iingie pamoja na chai ndiyo harufu ipande. Izungushe kinywani, angalia uzito wake: chai nzuri ina unene fulani, kama maji ya wali, laini, na utamu wa mbali kama wa maji ya dafu changa. Ukakasi kidogo pembeni mwa ulimi si kosa. Ukikukaba kama bibo, umezidisha muda au majani.

Meza. Sasa funga mdomo, usiseme neno, toa pumzi taratibu kwa pua.

Dada yangu, hapo ndipo ilipo chai. Maua uliyoyanusa kifunikoni yanapanda tena, safari hii kutoka ndani, kooni kuelekea puani. Baada ya hapo mate yanajaa pande mbili za ulimi, na utamu unarudi mahali ambapo sekunde chache nyuma palikuwa na uchungu. Watu wa Anxi hukiita kitu hiki kwa neno ambalo katika mashairi yao ni kina, ile sauti inayorudi mwisho wa mstari. Guanyin ana kina chake, husema. Nimeliona neno hilo likimfaa msomaji wa Kiswahili kuliko maelezo yote ya maabara, kwa sababu na sisi tunajua kina kinavyofanya kazi: husikii uzuri wake kwenye mshororo wa kwanza, ni pale kinaporudi. Hesabu pumzi zako mpaka kipotee. Pumzi tatu ni chai ya kawaida. Chai iliyonipa zaidi ya ishirini nimeikuta mara chache sana.

Endelea na maji ya pili, ya tatu, ya nne, ukiongeza sekunde kumi mpaka ishirini kila mara. Mimi huwa sitoi hukumu kabla ya maji ya nne. Kwa miaka mingi sasa soko limependa chai ya kijani zaidi na zaidi, harufu kali kwenye pakiti, rangi karibu na maji, na nyingi ya hizo zinang'aa kwenye maji ya kwanza, zikifika ya tatu zimekwisha. Kuna na mtindo wa kuchelewesha moto makusudi mpaka mchana wa siku ya pili, chai ikatoka na uchachu mwepesi. Wapo wanaoupenda. Kwangu uchachu huo ni kama dafu lililoanza kugeuka, unachangamsha mdomo kisha nyuma yake pako patupu. Chai ninayoitafuta ni ile ambayo fundi aliivumilia usiku kucha, jani likageuka kiasi cha kutosha, na maji ya sita bado yana kitu cha kusema.

Ukitaka kuipima kwa ukali zaidi, fanya wanavyofanya wapimaji wa China: gramu zilezile 5, maji yanayotokota, dakika 2 kwa maji ya kwanza, 3 kwa ya pili, 5 kwa ya tatu. Ni kali kuinywa hivyo, lakini kosa halina pa kujificha. Kwa chai nyeusi kipimo cha kimataifa ni gramu 2 kwa kila mililita 100, dakika 6, mara moja tu. Tofauti hiyo inakuonyesha kwamba ulongi huhukumiwa kwa inavyobadilika kutoka maji hadi maji.

Ukimaliza, usitupe majani. Yamwage kwenye sahani nyeupe yenye maji, uyakunjue kwa kidole. Utaona kingo zimechanikachanika. Usidhani ni uchafu: kwenye mtindo huu wa kijani huzipiga zile kingo nyekundu ndani ya kitambaa mpaka zikatoka, ili maji yawe angavu. Tafuta moja lililobaki zima. Jani la Tieguanyin ni nene, lina mawimbi kidogo pembeni, na ncha yake imepinda upande mmoja. Ukikuta jani jembamba la manjano, au lenye meno makali na vinyweleo, pengine umeuziwa Huangdan au Maoxie, ndugu zake wa Anxi hiyohiyo. Si chai mbaya, ila hazina kile kina, na bei yake haitakiwi kuwa moja.

Maziwa sasa. Chai nyeusi inayabeba maziwa kwa sababu mgeuko umeipa nguvu na rangi. Hii haina cha kupambana nayo: protini ya maziwa inashikana na vile viini vyake vyembamba, mafuta yanafunika harufu, na unabaki na maziwa yenye majani. Sukari vilevile inaua ule utamu unaorudi, kwa kuwa ulimi umeshashiba utamu. Wala usiinywe ukiwa na njaa, inasokota tumbo. Kula kwanza kitu kisicho na viungo.

Jambo linalonitia wasiwasi kwako ni Tanga yenyewe. Chai ya kijani namna hii haipatani na joto wala unyevunyevu, na kabatini kwa miezi michache tu ua linakwenda, mchicha unabaki. Vipakiti viweke kwenye friza, ndani ya kopo linalofunga, mbali na papa na ng'onda. Ukitoa kimoja, kiache mezani kipate joto la chumba kabla hujakikata. Ukikifungua kingali baridi, unyevu wa hewa utagandia majani papo hapo. Kilichofunguliwa kimalize ndani ya siku mbili tatu.

Na ukirudi Guangzhou, muulize mwenyeji wako mambo mawili. La kwanza, ni ya msimu gani: ya masika, inayochumwa mwanzoni mwa mwezi wa 5, ina unene zaidi kinywani, na ya vuli, ya mwezi wa 10, ndiyo yenye harufu kubwa. La pili, ni qingxiang au nongxiang. Qingxiang ndiyo hii ya kijani. Nongxiang imeokwa kwa moto wa taratibu, harufu yake ni ya karanga zilizokaangwa na sukari iliyoungua, maua yako chini kabisa, na yenyewe kabatini Tanga itakaa mwaka na zaidi bila kulalamika. Mwombe pakiti moja ya kila aina, uziandae pamoja kwa vikombe viwili vinavyofanana, na anza na ya kijani.